Tafadhali Usizime

Niliambiwa ni dakika ishirini tu.
Nikabonyeza "Kubali" kama mtu anayesaini
karatasi ya benki, bila kusoma,
nikaenda jikoni kupasha maharage ya nazi.

Niliporudi: asilimia sabini na moja.
Baada ya Isha: asilimia sabini na moja.
Kiduara kinazunguka, kinazunguka,
ngamia wa kinu cha ufuta,
na chini yake maneno ya adabu:
*Inasasishwa. Tafadhali usizime.*

Sikuizima mimi. Umeme wa Seeb ndio ulioizima,
saa nane kasoro, usiku wa mwezi wa saba,
viyoyozi vya mtaa mzima vikakata kauli kwa pamoja
na joto likaingia kama mgeni mwenye mabegi.
Betri yake ilikufa mwaka juzi.
Huishi kwa waya.

Ndani mna daftari la halua:
nani kaagiza ya zafarani, nani ya sukari nyeusi,
masanduku mia tatu na arobaini ya Idi,
nani kalipa nusu, nani anaapa kalipa yote.
Asubuhi Bwana Muadh akapiga simu kutoka Barka.
"Bi Zuwena, hesabu vipi?"
Nikamwambia inapoa.
Mtu wa halua; akaridhika.

Ruwi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la juisi,
Shibu akaifungua mgongo kwa bisibisi kama sindano,
akapuliza vumbi,
akachomeka flashi iliyofungwa uzi mwekundu.
Kiarabu chake cha Kerala, changu cha Unguja,
vikakutana njiani, vyote viwili vikichechemea.
"Faili zipo. Nimeirudisha toleo la zamani.
Hili jipya si saizi yake."
Riali kumi na mbili. Risiti hana.

Nyumbani ikawaka, na ule mlio wake!
Lakini tarehe inasema: Januari mosi, 1970.
Mama akavaa miwani.
"Sabini? Sabini mimi bado niko Mkunazini,
nauza cherehani nipate nauli."
Akaitazama mashine kwa heshima mpya,
kama kakutana na mtu wa mtaa wake.

Nikaandika nywila. *Si sahihi.*
Pole pole, kidole kimoja kimoja. *Si sahihi.*
Nywila ya miaka tisa: jina la paka aliyekufa
na namba ya nyumba tuliyohama.
Mara ya nne nikafunga kifuniko,
nikalia kidogo,
kilio cha masanduku mia tatu na arobaini.

"Hebu tazama," Mama akasema, "inasikia lugha gani."
"Mama, hii si mtu."
"Nilipoteremka hapa, askari wa uwanja wa ndege
aliniuliza jina mara tatu. Jina langu nalijua.
Nikamjibu mara tatu, kwa Kiswahili, maneno marefu.
Akaandika kwenye fomu: *kiziwi*."
Akamenya tende, akatoa kokwa.

Pembeni mwa skrini, ndogo kama sisimizi,
herufi ain.
Kumbe kila nilichogonga kilipokelewa kwa Kiarabu,
kikafichwa nyuma ya vitone,
wala mashine haikuwa na kosa, wala mimi,
wala paka.

Nikaibadili. Nikamwita paka tena.
Ikafunguka.

Si vyote vilivyorudi. Picha ya ukutani haikurudi,
wala oda za siku tatu za mwisho.
Nimepiga simu watu kumi na saba
na wote kumi na saba wanakumbuka wamelipa.

Tarehe nilitaka kuirekebisha, Mama kakataa.
Risiti ya Bwana Muadh imetoka jana,
Januari tatu, elfu moja mia tisa na sabini,
na yeye hajasema neno.
"Mwache," Mama anasema, anaifuta vumbi kwa upindo wa kanga.
"Mwache. Atafika."