Darzeni Sita

Sheria ni moja, aliitunga mama mkwe wangu
kabla hajaniachia oveni na deni la gesi:
kila nyumba ilete darzeni sita za biskuti,
iondoke na darzeni sita, za wenzake.
Za dukani marufuku. Kuonja kabla ya saa nane marufuku.

Jumamosi ya pili ya Desemba, hapa Duluth,
ziwa limeshika barafu ukingoni kama ukoko wa sufuria,
na mimi tangu alfajiri na koleo langu
nafukua ngazi, nafukia hasira:
nani alinituma kualika watoto kumi na wanne
juu ya zulia jeupe?

Wakaja. Mabuti yakalala mlangoni ubavu kwa ubavu, yakitokwa na machozi.
Dagny Ostby na mapacha wake, na mafua yao pacha,
na biskuti za iliki, nyembamba
hata ukiinua moja unaona dirisha.
Mai Yer Xiong na binti yake na mama yake,
nazi juu, ufuta chini; bibi akaikagua siagi yangu
kwa pua, hakusema neno, akaketi.
LaVonne akaleta watu wa tangawizi wasio na macho.
"Macho aliyala Tilda ndani ya gari," akasema,
na Tilda, meno meusi kwa zabibu kavu, akaapa si yeye.

Nikapanga meza. Nikahesabu. Hesabu ikakataa.
Nyumba moja bado.

Kengele.
Orrin wa nyumba ya kona, miaka tisa,
peke yake, kamba ya sleji mkononi,
na juu ya sleji, limefungwa kwa mkanda wa suruali,
kopo la kahawa.
"Mama yuko wapi?"
"Amelala."
Akavua kofia. "Tangu Jumanne."

Tukatazamana akina mama, maneno yakipita
juu ya vichwa vya watoto kama sahani za moto.
"Ni sabini na mbili," akasema. "Tatu zilivunjika,
nikapika nyingine."

Saa nane. Dagny akawa wa kwanza kuuma.
Chumvi.
Si chembe, si kidole kilichoteleza:
vikombe viwili vizima, mahali pa sukari.
Nililiona koo lake likipanda, likishuka.
"Zimekauka vizuri," akasema, na hilo lilikuwa kweli.
Bibi akatafuna polepole, kama anayesoma barua,
akameza, akanyoosha mkono, akachukua ya pili.
Mwanangu Sivert akafungua mdomo;
nikamkanyaga chini ya meza.
Lakini Tilda nani atamkanyaga?
"Zina ladha ya bahari!" akapiga kelele.
Na Orrin, ambaye bahari hajaiona,
ambaye ziwa lake ni la maji baridi yasiyo na chumvi,
akacheka hadi kamasi zikamtoka.

Hakuna aliyeiacha darzeni yake mezani.
Jioni sleji ikaondoka na aina sita, na nyuma yake LaVonne
na sufuria ya supu, akisingizia kuwa njia yake ni ile,
yeye ambaye gari lake lilikuwa upande wa pili.

Zangu nilishindwa kuzila, nikashindwa kuzitupa.
Kwenye Januari niliwamegea ndege. Wakaniangalia.

Februari, asubuhi, hodi. Corinne mwenyewe,
nywele zimechanwa upande mmoja tu,
kopo langu la bati mkononi, limeoshwa.
Nikalipokea, zito.
Chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, najua,
ila nilidhani mkate, nilidhani shukrani ya karatasi.
Nikafungua: sukari.
Vikombe viwili, juu imesawazishwa kwa kisu.

"Alikuwa anadaiwa," akasema,
macho yake yakiwa sakafuni.

Nikasogeza mabuti kwa mguu,
apate pa kukanyaga.