Safu ya Maji

Karani wa sensa kaja na baiskeli,
mguu mmoja wa suruali kaubana kwa kibanio cha nguo.
Jhapdi, pembezoni mwa wilaya: kaya mia na tisa.
Zahanati: kilomita kumi na nne,
na katikati mto usio na daraja,
ila mto haukupewa safu.

"Pampu ya maji?"
"Ipo," anajibu Salgi Hembrom.
Ipo kweli. Mbuzi kafungwa hapo.
Tangu mwaka ule wa ukame haijatema tone,
lakini fomu imeuliza kama ipo,
haikuuliza kama inatoa.

"Shule?"
Ipo. Mwalimu wake ndiye huyu aulizaye,
kwa hiyo leo haipo.

"Mnaishi wangapi humu?"
Salgi anahesabu kwa pingili za vidole:
mkwe, wajukuu wawili, yeye mwenyewe.
Kidole gumba kinasita.
Chotrai yuko Surat, kwenye kiwanda cha vitambaa,
kitanda kimoja watu wawili,
huyu akiamka yule analala.
"Huko watamhesabu?"
Karani anajikuna shingo kwa kalamu.
"Labda watamhesabu aliyelala."

"Basi mwandike hapa. Sahani yake ipo."

Kanuni anazijua, kazisomea siku tatu mjini
kwa chai na posho ya nauli.
Anaandika tano.
Anafuta.
Anaandika tano.

Jua limepanda. Anaomba maji ya kunywa,
na mjukuu mkubwa, bila kuambiwa,
anaipita pampu, anampita mbuzi,
ndoo kichwani, kuelekea mtoni.