Mizunguko Mitatu

Kabla hujapanda, Anyitike, nionyeshe mikono.
Kucha zina utomvu wa chai bado. Haya.
Vuta kamba ya kiunoni. Ivute tena, kama una ugomvi nayo.
Ya pili ipitishe kwenye panda nene, juu yako,
si kwenye tawi unalolikata.
Yuko aliyefanya hivyo, kule Katumba,
tukamwokota pamoja na chenso, ingali inanguruma.

Wanasema mshika mbili moja humponyoka.
Juu ya mkaratusi, mshika moja ndiye huponyoka.

Tawi lenyewe unaliona: limeinamia bati la wodi ya wazazi,
limekunywa mvua ya Tukuyu tangu Novemba,
zito kama ng'ombe aliyekataa kuvuka daraja.
Nesi Tumpe amewatoa kina mama, magodoro kichwani.
Mmoja ananyonyesha kule barazani,
anatutazama kama anayengoja chenji yake.

Mimi niko chini. Kamba ya tawi nimeizungusha mara tatu
kwenye shina la msonobari.
Mara moja, ingenivuta mimi. Mara tano, ingegoma.
Tatu nimeijua kwa gharama.

Siku ile, Kiwira, aliyekuwa juu ni baba yako.
Nilizungusha mara tano, nikakaza meno,
nikajiona mwanamume.
Tawi likakatika, kamba ikalidaka ghafla,
na mti mzima ukajikung'uta
kama mbwa anayetoka mtoni.
Kamba haikukatika.
Hilo ndilo linaloniamsha usiku: haikukatika.

Basi leo, anza kukata chini, theluthi tu.
Kisha juu, mbele kidogo ya jeraha la kwanza.
Ukisikia mti unalia, zima chenso, kumbatia shina,
usinitafute kwa macho.
Mimi sitakaza.
Nitaliacha lishuke,
kamba ikiuma glavu, mwendo ukipungua
polepole, kama mgonjwa anayelazwa kitandani.

"Linakuja!"

Limekuja. Bati halikuguswa.
Majani yamelala juu ya matope, yananuka dawa ya kifua.
Glavu zinatoa moshi.
Mtoto kule barazani hakuachia hata titi.

Naangalia juu, ukungu wa Rungwe umeanza kushuka:
buti moja. Buti la pili. Mkanda. Kofia.
Unacheka, mpumbavu wewe, unacheka kama yeye.

Ndaga, mwanangu.
Usishuke kwanza.
Ngoja mikono yangu itulie.