Vidole Vitatu

Daktari Raya ananiambia: fungua.
Nafungua. Taya linalia ka!
kama kabati la marehemu mama.
Simamisha vidole, anasema, kimoja juu ya kimoja, uvitie.
Vinaingia viwili. Vinatakiwa vitatu.

"Unasaga meno usiku?"
Mume wangu ndiye ajuaye. Anasema
ni panya kwenye gunia la mbaazi.
Tangu Ramadhani analala chumba cha watoto.

Kliniki iko Al-Khuwair, ghorofa ya pili,
juu ya duka la mapazia.
Nje nyuzi arubaini na sita,
jua lote lile la bure,
nami nalipa riyali kumi na mbili
kwa dakika nne za mwanga.

Bindu ananivika miwani nyeusi,
anabandika kijiti cha leza mbele ya sikio,
pale panapobonyea nikifungua mdomo.
Sisikii moto. Sioni kitu.
"Hauonekani huu," anasema, kwa Kiarabu chake cha Kerala,
namjibu kwa changu cha Unguja,
na tunaelewana sisi wawili
kuliko mimi na ofisi nzima.

Ofisini ndiko.
Miaka kumi na moja dirisha la bili za maji.
Ikinitoka herufi moja laini,
Salmini wa meza ya pili ananiiga, wenzake wanacheka,
nami nacheka nao, meno yamekutana.
Ulimi hauna mfupa, husema watu wetu.
Ndiyo maana unateleza na kusamehewa.
Taya ni mfupa mtupu. Taya huweka hesabu.

Mara ya tatu, bado ka.
Mara ya tano, maumivu yametoka nane hadi, sijui, sita?
Raya haniahidi kitu.
"Mwanga hutuliza msuli. Hayo mengine, jitazame."
Mara ya saba nikala tofaha zima ndani ya gari,
na maganda yake, kiyoyozi kikivuma.

Jumatano, kikaoni, meneja akisoma takwimu,
ukanijia mwayo.
Miezi minane nilikuwa nikiukatiza njiani,
kiganja chini ya kidevu.
Huu sikuuwahi.
Ukafunguka wote, mpaka machozi,
vidole vitatu, labda na nusu,
bila ka.
Meza nzima ikanigeukia.
Salmini akaanza kutabasamu, anatafuta la kusema.
Mdomo wangu ulikuwa bado wazi.
Nikaona nisiufunge bure.