Mlalo, Herufi Tano

Idwal anaegesha gari palepale pa siku zote,
juu ya bonde, pua ikielekea ziwani.
Mvua ya Wales haina haraka, inanyesha
kama mtu anayehesabu chenji.
Chupa ya chai. Sandwichi za yai.
Gazeti la Jumamosi limekunjwa mara nne
mpaka miraba imebaki juu peke yake.

Miaka thelathini na mmoja alipeleka barua milimani humu.
Anajua kila geti, na mbwa wa kila geti,
ila fumbo humshinda.
Mererid ndiye mfumbuaji. Lakini tangu vuli
katikati ya macho yake limekaa doa,
la kijivu, kubwa kama kifungo cha koti,
na popote anapotazama, doa limetangulia.

"Tatu wima. Mchana hutiririka, usiku hulaza kichwa."
"Mto. Hiyo ya watoto."

"Maji yametulia. Yavuruge, hayana siri. Nne."
Kidole chake kinavuruga herufi juu ya goti.
"Ziwa. Ukilivuruga, wazi."
Kisha: "Na leo, liko wazi?"
"Nusu. Ng'ambo imemezwa na ukungu."
"Kondoo?"
"Kumi na wanne. Wana rangi ya buluu mgongoni,
wa Prydderch hao, wametoroka tena."

"Upepo umedondosha herufi: macho yaishie hapa."
Waipa ikapita mara sita.
"Upeo," alisema Mererid. "Wangu umesogea.
Siku hizi unaishia kwenye dashibodi."
Idwal akamimina chai,
nyingine kikombeni, nyingine kwenye suruali.

"Mbingu na kilio: amri kwa anayepitwa. Saba."
"Anga. Lia." Akacheka puani. "Angalia.
Mshenzi, aliyetunga hii."

Ikabaki moja. Penseli imekuwa butu,
Idwal anaitafuna ncha ya nyuma, na ghafla
"Mererid, angalia!"
halafu neno likamrudia mdomoni kama mfupa.

"Nini?" alisema yeye, kwa upole.
"Mwewe. Juu ya ule ukuta uliobomoka.
Mkia wa panda. Hapigi hata bawa."
Akageuza uso kuifuata sauti,
akaliona doa, na pembezoni mwa doa
kijani kidogo, chenye maji.

"Isome tena ile ya mwisho."
"Mwizi wa vifaranga, akikatwa kichwa,
hubaki unayesema naye. Mlalo, tano."
Akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, vikatosha.
"Si huyo huyo uliyemwona? Kata M."

Idwal akaifunika M kwa kidole gumba chenye siagi.
"Wewe," akasoma.
"Mimi?"
"Hapana, wewe."
"Ndivyo nilivyosema."

Wakabishana hivyo kidogo, vioo vikiingia mvuke.
"Bado yupo?" aliuliza Mererid.
"Ameshavuka kilima."
"Sikumuulizia mwewe."

Idwal akapangusa kioo kwa mkono wa sweta,
upande wa Mererid kwanza.