Kabla ya Skuli, Mwera

Adhana imekwisha; kilima bado cheusi.
Utando wa buibui wanipiga usoni.
Basi leo hakuna aliyenitangulia.

Kiangazi hiki majani ya mkorosho
yavunjika chini ya ndara kama kaukau.
Nyuma yangu Shaame, miaka sita,
ahesabu magamba ya konokono:
kumi na moja,
kumi na moja tena.

Mto twausikia kabla ya kuuona,
mwembamba, mtu anong'onaye peke yake.
Jiwe alilofulia bibi
limebaki nchi kavu.
Shaame apanda, akaa:
"Lina baridi."

Nami nikaligusa.
Kweli.

Hatukukawia.
Twarudi njia ileile,
na pale penye mkorosho
buibui keshaanza upya:
uzi mmoja tu.
Shaame ainama, apita chini yake.