Viama Kumi na Kimoja

Babu yangu Odilon aliiangamiza Paris mara kumi na moja,
na kila mara alilipwa kwa ukurasa.
Kwanza kwa nyota yenye mkia.
Kisha kwa barafu: Mto Seine ukasimama
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Ya tano siikumbuki vizuri, nadhani ni mchwa wa chuma.
Ya tisa ilikuwa ukimya tu. Redio zilikufa,
kisha mbwa, kisha kengele za makanisa.

Vitabu vyembamba, majalada ya rangi ya homa ya manjano,
viliuzwa stesheni ya Lille pamoja na tumbaku;
msafiri asome hadi afike, akiache kitini, ashuke,
aikute dunia bado ipo, na mvua.

Aliandikia jikoni, Roubaix,
miguu ndani ya beseni la maji moto,
kiwanda cha sufu kikinguruma ng'ambo ya ukuta.
Bibi Mauricette alisahihisha tahajia huku akimenya viazi.
"Odilon, umeua watu milioni nne
na hakuna hata mmoja aliyemuaga mama yake."
Akarudi nyuma, akaandika kuaga.

Nimevisoma vyote wiki hii,
nimeketi sakafuni katika nyumba tunayoiuza,
na nimeona jambo ambalo hakuna aliyenidokeza:
katika kila kiama, duka la mikate la pembeni husalimika.
Mwezi unaanguka, duka lipo.
Gesi ya kijani inatafuna hata sanamu, duka lipo;
mtu wa mwisho duniani anasukuma mlango,
kikengele kinalia, anasubiri ahudumiwe.
Mwaka wa arobaini na tatu, mtoto wa miaka tisa
alipanga foleni tangu saa kumi alfajiri
akarudi na kadi ya mgao na kikapu kitupu.
Hakuwahi kutusimulia. Aliisimulia Paris.

Chini ya kabati kuna muswada wa kumi na mbili.
Haukuchapwa. Bwana Pruvost, mchapishaji,
ameandika juu yake kwa penseli nyekundu:
"Raha haiuziki stesheni."
Ni mji wa vioo juu ya bahari ya kaskazini,
hakuna foleni, hakuna king'ora,
maradhi yameachwa nje kama viatu vya tope.
Watu wanasalimiana.
Kurasa arobaini, wanasalimiana.
Masikini babu, unamwona anavyohangaika,
kalamu inazunguka kama nzi ndani ya chupa.

Ukurasa wa arobaini na moja, wino unabadilika.
Naujua wino huo: ndio alioandikia kadi za msiba wa Bibi.
Katika mji ambamo hakipotei kitu
mwanamke anapoteza glavu moja,
ya kushoto, ya sufu, ya kijivu.
Mji mzima unasimama kuitafuta.
Wahandisi wanashuka ngazi, watoto wanafunua mazulia,
mashine zenye huruma zinamulika chini ya madaraja,
naye anasema msijisumbue, ni glavu tu,
lakini haondoki.

Hapo maandishi yanakatika.
Hata nukta haipo.

Dalali atakuja saa nane.
Viama kumi na kimoja vimeenea kwenye boksi moja la viatu.
Mji wa vioo nimeutia ndani ya koti,
nikatoka kwenda pembeni kununua mkate.
Duka sasa ni la kutengeneza simu.
Nimesukuma mlango hata hivyo.
Kikengele ni kilekile.